Utangulizi: Mahasimu Waliofundishana

Msomaji wa Kiswahili haingii kwenye uwanja huu wa historia ya Uajemi na mahasimu wake, Wagiriki na Warumi, akiwa mgeni kabisa. Kama unaujua Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, umekwisha kukutana na mmoja wa watu wake wakubwa. Herekali ni Heraclius, kaisari wa Roma ya Mashariki, ambaye mwaka 628 BK alimaliza kwa ushindi vita vya zaidi ya miaka 25 kati ya dola yake na Uajemi. Aya za mwanzo za Sura ya Ar-Rum katika Kurani zinagusa vita hivyohivyo. Ila ukitaka kujua uhasama ulianzia wapi, rudi nyuma zaidi ya miaka 1,000, hadi katikati ya karne ya 6 KK, pale Cyrus, yule Koreshi wa Biblia, alipoiteka miji ya Wagiriki kwenye pwani ya Uturuki ya leo.

Wengi wetu tulifundishwa vita tu: Marathon mwaka 490 KK, Salamis mwaka 480 KK, kisha Alexander kuichoma Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi, mwaka 330 KK. Matukio hayo ni ya kweli, lakini karibu masimulizi yote yaliyotufikia yametoka kwa Wagiriki. Hata hivyo Herodotus, msimuliaji mkubwa kuliko wote, alizaliwa Halicarnassus, mji uliokuwa chini ya mfalme wa Uajemi, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, aliweza kuwaandika maadui wa Wagiriki kama watu wenye akili na heshima zao.

Nakuomba basi tuanzie mbali na uwanja wa vita. Mwaka 1933 wachimbuaji walifukua huko Persepolis maelfu ya vibao vidogo vya udongo, kumbukumbu za posho za wafanyakazi na wasafiri wa mfalme. Vingi vimeandikwa kwa Kielamu. Kimoja kina maneno machache ya Kigiriki: kipimo cha divai, na jina la mwezi. Basi. Hakitaji mfalme wala ushindi, lakini kinatuonyesha kwamba katika ofisi za mfalme Darius kulikuwa na mtu aliyeandika kazi yake ya kila siku kwa Kigiriki. Darius mwenyewe, katika maandishi ya kujenga kasri lake la Susa, anawataja Wagiriki wa Ionia na watu wa Sardis kuwa ndio waliomchongea mawe.

Mkondo ulikwenda pande zote mbili. Huko Athens ulijengwa ukumbi wa muziki ambao watu wa kale walisema umeiga hema la Xerxes, mfalme wa Uajemi. Na Themistocles, shujaa wa Salamis, alipofukuzwa na wenzake alikimbilia kwa mwana wa Xerxes, akapewa mji wa Magnesia autawale.

Warumi walirithi ugomvi huu. Mwaka 53 KK, Waparthi waliokuwa wakitawala Uajemi waliliangamiza jeshi la Mrumi Crassus huko Carrhae. Wafalme hao hao walipiga sarafu zenye maandishi ya Kigiriki.

Kwangu mimi, ushahidi mzito kuliko wote uko Naqsh-e Rostam, karibu na Persepolis. Hapo Shapur wa Kwanza, mfalme wa Uajemi aliyemkamata kaisari Valerian mwaka 260 BK, alichora ushindi wake kwa lugha tatu: Kiparthi, Kiajemi cha kati na Kigiriki. Anaorodhesha majimbo walikotoka askari wa Roma na anadai kwamba alimshika kaisari kwa mikono yake mwenyewe. Kwa kutumia Kigiriki, alijisifu kwa lugha iliyosomwa mashariki yote ya dola aliyoishinda. Ukifika kwenye magofu ya mji wake wa Bishapur utakuta sakafu zake zilipambwa kwa vijiwe vya rangi, kwa ufundi wa Kirumi.

Uwanja huu bado una njaa ya wasomaji wanaosikiliza upande wa Uajemi kwa makini ileile wanayoupa upande wa Ugiriki na Roma. Anza na Herodotus, kwani hakuna mwenyeji mkarimu kuliko yeye. Ukimaliza, tafuta maandishi ya Darius na ya Shapur, uyasome kabla hujafungua kitabu chochote cha mtaalamu, hiki changu kikiwemo.