Nyundo ya jirani: "Mtamaliza lini?"

NI Jumapili, saa moja ya asubuhi, katika mtaa wowote wa Dar es Salaam. Chai inachemka jikoni, na baba aliyefanya kazi siku sita anajigeuza upande wa pili ili aongeze usingizi kidogo. Ghafla ukuta wa kichwani pake unagongwa: gwa! gwa! gwa! Fundi mwashi wa jirani amewasili na tindo yake. Mtoto mchanga anaamka akilia, mama anaiacha chai ikifurika, na baba anatoka uani akiwa na maneno ambayo huenda akayajutia kabla jua halijatua.

Hayo si mambo mageni kwa wakazi wa mijini. Wapo majirani waliogawana chumvi na makaa kwa miaka mingi, na leo hawaamkiani kwa sababu ya vigae vya sebuleni. Hata hivyo haifai kumhukumu mwenye nyundo kwa haraka. Naye ana sababu zake, na yafaa tuzifahamu kwanza.

Siku ni moja

Mfanyakazi wa mjini hujenga kidogo kidogo, kadiri fedha zinavyopatikana. Mwezi huu hununua mifuko mitano ya saruji. Mwezi ujao nondo na kokoto. Mwaka unaofuata, akijaliwa, ndipo anapopiga lipu. Nyumba moja yaweza kuchukua miaka kumi kumalizika. Na hata ikimalizika, familia huongezeka, chumba kingine huhitajika uani, mabomba huoza na bati huanza kuvuja. Majira nayo humsukuma. Pwani yetu hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Anayetaka kutengeneza paa hana budi kuwahi kabla mvua hazijaanza. Na kwa kuwa siku za kazi yuko kazini, humwita fundi siku ya mapumziko, apate kumsimamia kwa macho yake mwenyewe, saruji isije ikapungua kwa njia isiyoeleweka.

Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Siku ambayo mmoja anaweza kujenga ndiyo siku ile ile ambayo mwenziwe anaweza kulala. Wote wawili ni wafanyakazi, wote wawili wana haki, na siku ni moja. Tena wapo ambao usingizi wao ni wa mchana kila siku: muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mlinzi, dereva wa lori, mtu wa kiwandani. Kwa hawa, saa nne ya asubuhi ni sawa na usiku wa manane.

Ukuta mmoja

Nyumba zetu zenyewe hazisaidii. Katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, mara nyingi kuta za ndani hazifiki paani. Sauti hupita juu ya ukuta kama paka. Katika majumba ya ghorofa, kama yale ya Michenzani mjini Zanzibar, au yale ya Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa mwaka 1962, sakafu ya huyu ndiyo dari ya yule. Yeyote aliyewahi kukaa chini ya mwenye kinu anaijua habari hiyo.

Tena kelele si za namna moja. Sauti ya redio husafiri hewani, na ukifunga dirisha hupungua. Lakini nyundo ipigwapo ukutani huutikisa ukuta wenyewe, na mtikisiko huo hupita ndani ya zege kwa kasi ya mara kumi hivi kuliko hewani. Ndiyo maana mtu wa chumba cha tatu husikia kama kwamba fundi yumo uvunguni mwa kitanda chake, na kufunga mlango hakumsaidii kitu.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida hufikia desibeli 60 hivi, na mashine ya kuvunjia zege hupita 100. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 ili mtu apate usingizi mwema. Msomaji ataona mwenyewe ukubwa wa tofauti hiyo.

Upande wa pili

Mwandishi wa makala haya naye ana deni katika jambo hili, na ni vema aliseme. Miaka michache iliyopita alipata likizo yake ya siku 28, akaamua kuitumia kubadilisha sakafu na kupitisha mabomba mapya katika nyumba anayoishi. Fundi alianza kila siku saa moja ya asubuhi, akaacha jua likizama. Hakuna jirani aliyekuja kulalamika. Mwandishi akadhani kwamba hakuna aliyekereka.

Siku ya tisa, alasiri, kilio kilisikika upande wa pili wa ukuta. Fundi, bila ya kuambiwa na mtu, aliweka nyundo chini na kuvua kofia. Vibarua wakanawa mikono, wakatoka kwenda kusaidia kupanga viti. Kazi ikasimama siku tatu, mpaka matanga yalipoanuliwa.

Mzee wa nyumba ile alikuwa amelala kitandani kwa muda wa miezi miwili. Hapo zamani mwandishi alikuwa akimwamkia kila jioni barazani. Alipoacha kuonekana, hakuuliza. Kelele hazikumwua mzee, maana ugonjwa wake ulikuwa mkubwa. Lakini baada ya matanga mwandishi alikwenda kuomba radhi. Mama mjane alimkaribisha mkekani, akaipokea shikamoo yake, kisha akamwambia kwa upole:

"Mwanangu, sisi hatukukasirika. Nyumba lazima itengenezwe. Ila mzee alikuwa akiniuliza kila asubuhi, 'Hawa wanamaliza lini?' Nami sikuwa na la kumjibu."

Maneno hayo yalikuwa mazito kuliko matusi. Tulisimamisha kazi siku tatu kwa heshima ya maiti, na hakuna aliyeziona siku hizo kuwa hasara. Alipokuwa hai hatukumpa hata alasiri moja. Haukuwa ukatili, hatukuuliza tu. Desturi ya kuweka nyundo chini tunayo, tena ni desturi njema. Kosa letu ni kuingojea mpaka mtu afe.

Taarifa kwanza

Swali la mzee yule lina maana pia kwa wataalamu. Mwaka 1972 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya kelele za mjini. Watu waliosikilizishwa kelele zisizotabirika walifanya kazi vibaya zaidi baadaye, na kukata tamaa upesi, kuliko wale ambao kelele zao zilikuja kwa utaratibu unaojulikana. Wengine walipewa kitufe, wakaambiwa kwamba wakizidiwa waweza kuzima kelele. Wengi hawakukibonyeza kabisa, lakini kule kujua kwamba wangeweza kukibonyeza kuliwapunguzia mateso. Kumbe kinachomchosha mtu si kishindo peke yake, bali pia kutojua kitakoma lini, na kutokuwa na neno katika jambo hilo.

Basi mwenye kazi afanye nini? Siku chache kabla ya kuanza, aende mwenyewe kwa majirani. Asimtume mtoto wala fundi. Awaeleze mambo matatu: ni kazi gani, ni saa ngapi hadi saa ngapi, na itamalizika siku gani. Kisha aulize moja: je, humu ndani yumo mgonjwa, mtoto mchanga, mwenye zamu ya usiku, au mwanafunzi anayekaribia mtihani? Akumbuke kwamba darasa la saba hufanya mtihani wao Septemba, na kidato cha nne Novemba. Siku ya kumaliza ikisogea, kama kawaida ya mafundi wetu, aende tena kuwaarifu.

Pili, apatane na fundi juu ya saa za kazi kabla ya kupatana bei. Fundi anayelipwa kwa kazi nzima hutaka kumaliza upesi aende kwingine, na ukimwekea mipaka baada ya kupokea malipo ya kwanza mtagombana. Kazi za kuvunja na kutoboa zikusanywe katika asubuhi chache zilizotajwa. Kupaka rangi na kulaza vigae kufanywe wakati majirani wamepumzika. Mbao na nondo zikatwe mbali na madirisha ya watu. Nondo zinyoshwe juu ya rundo la mchanga, kama vile mama mwenye busara anavyoweka gunia lililokunjwa chini ya kinu chake.

Jirani naye ana wajibu. Asinyamaze siku tisa kisha akaripuka siku ya kumi. Asimtukane fundi, ambaye ameajiriwa tu. Amwendee mwenye nyumba, tena jioni, hasira ikiwa imepoa. Na akumbuke kwamba mwakani bati litakalovuja huenda likawa lake.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za mwaka 2015 juu ya kelele na mitetemo, zinaweka mipaka, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa yupo kwa ajili ya kusuluhisha. Asiyesikia maneno ya majirani hana budi kufikishwa huko. Lakini sheria yaweza kuinyamazisha nyundo, isiweze kuwarudishia majirani salamu zao.

Mwandishi alimwambia mama yule saa za kazi zilizobaki, na siku ya kumaliza. Akaitimiza. Jioni ile mama alipita mlangoni, akaitazama sakafu mpya, akasema, "Hongereni, mwanangu. Leo mmemaliza." Neno hilo angestahili kulisikia mzee kutoka kwetu, tangu siku ya kwanza.