Kenchi kwa Penseli na kwa Kompyuta

Madarasa mengi ya vijijini mkoani Simiyu, yakiwemo ya kata ya Sola, huezekwa kwa kenchi za mbao, papi juu yake, kisha bati. Fundi mzoefu hukata mbao kwa mazoea, na mara nyingi paa husimama salama. Mazoea hayo lakini hayamwambii kenchi itabeba nini akiulaza mteremko wa paa ili aokoe mbao na bati.

Karatasi humwambia. Mwaka 1864 James Clerk Maxwell, mwanafizikia kutoka Uskoti, alionyesha kwamba kani zilizomo ndani ya fremu huweza kuchorwa zikawa umbo la pili, kila mstari ukiwa sambamba na ubao wake na urefu wake ukiwa ndio kiasi cha kani. Karl Culmann, mhandisi wa Zurich, alitoa kitabu cha fani hiyo ya kuchora kani mwaka 1866, na Mwitaliano Luigi Cremona akaiendeleza mwaka 1872. Maurice Koechlin, aliyechora wazo la kwanza la mnara wa Eiffel mwaka 1884, alikuwa mwanafunzi wa Culmann.

Chukua kenchi ya pembetatu yenye upana wa mita 8 na kimo cha mita 2, iliyobeba kilonyutoni 4 kileleni, yaani uzito wa kilo 400 hivi. Kila ukuta unabeba nusu. Chora mstari wima wa sentimita 4, sentimita moja kwa kila kilonyutoni. Kutoka ncha ya juu, piga mstari sambamba na ubao wa mteremko wa kushoto. Kutoka ncha ya chini, sambamba na ule wa kulia. Na kutoka katikati, mstari mlalo. Yote mitatu hukutana kwenye nukta moja. Isipokutana, kuna mahali umekosea, na hapo ndipo mchoro unapoishinda hesabu: kosa linaonekana kwa macho. Ukipima, mbao za mteremko zinabanwa kwa kilonyutoni 4.47 kila moja, na ubao wa chini unavutwa kwa 4.

Sasa punguza kimo kiwe mita 1. Ubao wa chini unavutwa kwa 8! Mzigo ni uleule, ila misumari ya kwenye maungio inabeba mara mbili.

Kwenye programu ya kuchorea, iwe AutoCAD iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 au LibreCAD isiyolipiwa, kazi ni ileile: kunakili mistari sambamba, kuikutanisha, kisha kusoma vipimo. Tofauti ni kwamba penseli butu hukupotezea milimita nzima, ilhali kompyuta husoma 4.472 bila wasiwasi. Mzigo uliokadiriwa vibaya, hata hivyo, hausahihishwi na desimali hizo.

Na mzigo unaokadiriwa vibaya zaidi ni upepo. Bati ni jepesi, kwa hiyo dhoruba huweza kulinyanyua paa kwa nguvu inayozidi uzito wake. Hapo inabidi kuchora umbo la kani upya, mshale wa mzigo ukielekea juu: mbao za mteremko zinavutwa, na ubao wa chini, mwembamba na wa mita 8, unabanwa na kutaka kupinda kando. Ndiyo maana kenchi hufungwa kwa mbao za kuziunganisha moja na nyingine, na miguu yake hufungwa ukutani kwa mabapa ya chuma.