Mbuzi Asiyeweza Kukojoa

Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, iliyoanzishwa mwaka 1992 kaskazini ya mji wa Dadaab katika kaunti ya Garissa, wakazi walio wengi ni Wasomali, nao ni watu waliolelewa pamoja na mifugo. Wengi wao walipoteza ngamia na ng'ombe kwa vita na ukame kabla ya kuvuka mpaka. Lakini mbuzi ni mnyama awezaye kukaa hata palipo na nafasi ndogo, na mbuzi wawili au watatu nyumbani ni akiba ya karo na ya dawa. Katika hao, yule dume aliyehasiwa, afungwaye nyuma ya nyumba na kunenepeshwa miezi miwili mitatu ili auzwe wakati wa Idi ya Kuchinja, ndiye mwenye thamani kubwa. Ajabu ni kwamba huyu atunzwaye kuliko wenzake ndiye hasa awezaye kufa ghafula kwa ugonjwa ambao mbuzi wachungwao nyikani huupata kwa nadra. Ugonjwa huo ni mawe katika njia ya mkojo.

Dalili zake hudanganya. Mbuzi huacha kula, husimama amejinyoosha, miguu ya mbele mbali na ya nyuma, akajikamua na kulia huku mkia wake ukitikisika. Mwenyewe amwonapo hivyo hudhani amefunga choo, akamnywesha mafuta au maji ya majani. Yafaa atazame mahali pengine. Je, ardhi aliposimama imelowa? Nywele za chini ya tumbo, pale mkojo unapotokea, zimekauka, au zina chembe ndogo nyeupe kama mchanga? Mbuzi aliyezibwa hutoa matone tu, pengine yenye damu, au hatoi kitu kabisa.

Asiposaidiwa, baada ya siku moja au mbili kibofu hupasuka. Hapo hutokea jambo la kuhuzunisha: maumivu hupungua, mbuzi hutulia, na mwenyewe hushukuru akidhani amepona. Kumbe mkojo sasa unajaa ndani ya tumbo na sumu yake inaingia katika damu. Tumbo huvimba pande zote mbili, na siku chache baadaye mnyama hufa. Kwa Mwislamu mnyama aliyejifia ni mzoga, haliwi; basi nyama imepotea, na fedha za sikukuu zimepotea pia.

Mbuzi jike naye aweza kufanya mawe, ila njia yake ya mkojo ni fupi na pana, na vijiwe hutoka bila ya mtu kujua. Ya dume ni ndefu na nyembamba, imepinda kama herufi S, na mwishoni kabisa ina kincha chembamba mithili ya mnyoo. Jiwe dogo kama punje ya mtama latosha kuziba pindo lile au ncha ile. Na dume aliyehasiwa akiwa mchanga ana hatari zaidi, kwa sababu ukuaji wa njia hiyo hutegemea nguvu itokayo katika mapumbu. Yakiondolewa mapema, njia hubaki nyembamba kama ya mtoto ilhali mwili unanenepa.

Sasa mawe hayo hutoka wapi? Wako wanaoyalaumu maji. Maji ya Dagahaley hutoka katika visima virefu vilivyochimbwa hadi kwenye hazina ya maji ya chini ya ardhi iitwayo Merti, na mtu aonaye ukoko mweupe ndani ya birika lake hufikiri kwamba kibofu cha mbuzi nacho kinapata ukoko ule ule. Fikira hiyo si ya kijinga, lakini kwa mbuzi wa kunenepeshwa lawama kubwa ni ya chakula chake.

Mwili wa mnyama huhitaji madini mawili yaendayo pamoja: kalsiamu, ambayo ndiyo asili ya chokaa na ya mifupa, na fosforasi. Chakula cha mbuzi chafaa kiwe na kalsiamu kiasi cha mara mbili ya fosforasi. Majani ya migunga na vichaka, ambayo ndiyo chakula chake cha asili, yana kalsiamu ya kutosha. Nafaka ni kinyume chake. Kilo moja ya mahindi makavu ina gramu 3 hivi za fosforasi, lakini kalsiamu yake haifiki hata nusu gramu. Pumba za ngano ni mbaya zaidi: fosforasi yake hufika gramu 10 au zaidi kwa kilo, na kalsiamu ni gramu 1 hivi. Tena yako mambo ya kutafuna. Mbuzi alaye majani hutafuna na kucheua kutwa, mate yakamtoka kwa wingi; na fosforasi iliyozidi hupitia katika mate hayo, ikarudi tumboni na kutoka pamoja na mavi. Alaye nafaka hutafuna kidogo, mate yakapungua, na fosforasi ile ikatafuta njia ya figo. Humo katika mkojo hukutana na madini mengine, wakagandamana, na hapo ndipo jiwe lizaliwapo.

Karibu na kambi malisho yamekwisha kwa wingi wa mifugo na kwa kukata kuni, hivyo si ajabu kwamba watu huwapa mbuzi mahindi, mtama, unga uliobaki na pumba. Hakuna haja ya kuviacha vyakula hivyo kabisa, maana pasipo nafaka mbuzi hawezi kunenepa upesi. Linalotakiwa ni nafaka ifuate majani, si majani yafuate nafaka. Na kwa kila kilo ya mahindi, gramu 15 za chokaa ya mifugo zatosha kurudisha uwiano wa madini. Pumba huhitaji chokaa nyingi zaidi, kiasi kwamba ni afadhali kuzipunguza. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana: chokaa inayosemwa ni ile ya jiwe lililosagwa tu, iuzwayo kwa ajili ya mifugo. Chokaa iliyochomwa, ya kupaka kuta, itamuunguza mnyama mdomo na matumbo.

Msomaji aliyewahi kufuga simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia anayefugwa kwa nyama huko Kivu ya Kusini na mahali pengine, aweza kushangaa kusikia haya. Simbilisi naye hupata mawe ya kibofu, lakini wajuzi humshauri mwenye naye apunguze kalsiamu! Wote wawili wamesema kweli. Matumbo ya simbilisi, kama ya sungura, hufyonza karibu kalsiamu yote iliyomo katika chakula, haja iwepo au isiwepo, na iliyozidi hutolewa kwa mkojo. Ndiyo maana mkojo wake huwa na weupe hata akiwa mzima. Akilishwa lusani kila siku, ambayo kilo yake kavu ina gramu zaidi ya 12 za kalsiamu, weupe ule huwa tope, na tope huwa jiwe. Mwenye ugonjwa huo apewe nyasi za kawaida kwa wingi, na lusani aachishwe. Mboga mbichi asinyimwe kabisa, kwa kuwa mwili wa simbilisi hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama wa mwanadamu usivyoweza. Majike wenye mimba na watoto wanaokua ni habari nyingine; hao kalsiamu wanaihitaji. Basi atakayechukua dawa ya simbilisi akampa mbuzi alaye mahindi, kwa kumnyima majani yenye kalsiamu, atamwongezea maradhi.

Jambo moja tu ni sawa kwa wote wawili, nalo ni maji. Mkojo mwepesi haugandi. Mbuzi wa kunenepeshwa katika joto la Garissa hutaka lita 3 hadi 5 kwa siku, na katika kambi ambako ndoo ni ya kupanga foleni, mbuzi hukumbukwa mwisho. Maji yawe safi na yawekwe kivulini, maana mbuzi ni mchaguzi, huyakataa yaliyopata moto juani au yaliyoingia mavi. Chumvi kidogo katika nafaka humtia kiu akanywa zaidi. Lakini kutia chumvi pasipo maji ya kutosha ni kumdhulumu.

Aliyekwisha kuzibwa asilazimishwe kunywa maji hata kidogo, kwa kuwa kila kikombe kinakiharakisha kibofu kupasuka. Aitwe daktari wa mifugo siku ile ile. Mara nyingi huanza kwa kuikata ile ncha nyembamba ya mwisho, na ikiwa jiwe lilikuwa pale, mkojo hutoka papo hapo. Pengine jiwe liko juu zaidi, au yako mengi, na baada ya siku chache njia huziba tena. Kwa hiyo mwenye mbuzi aamue mapema. Mnyama aliyechinjwa saa za mwanzo, kabla kibofu hakijapasuka, aweza kukaguliwa na nyama yake ikakubaliwa. Aliyecheleweshwa hunuka mkojo hata katika nyama, na mkaguzi ataitupa.

Kuhusu kuhasi, ushauri wa siku hizi ni kungoja mpaka dume atimize miezi mitatu au zaidi, ili njia ipate kupanuka. Na anunuaye mbuzi sokoni kwa ajili ya kumnenepesha hana budi kumwuliza mwenyewe alihasiwa lini, tena amtazame akikojoa kabla ya kutoa fedha.