Pete za Sayari na Mipaka ya Neno "Pete": Ufafanuzi kwa Ufundishaji wa Sayansi kwa Kiswahili

Utangulizi

Neno "pete" limezoeleka kutaja duara linalozunguka Zohali. Linaeleweka upesi, lakini hubeba dhana ya kitu kimoja, kigumu, kisicho na mwanya. Makala hii inaeleza kwa nini baadhi ya sayari zina pete, na inadai kwamba fasili ya neno hilo ikikosewa, sababu yenyewe haiwezi kueleweka.

Pete ni nini?

Galileo aliziona mwaka 1610 bila kuzitambua. Mwaka 1659 Christiaan Huygens alieleza kuwa ni duara bapa lisiloigusa sayari. Miaka 200 baadaye, mwaka 1859, James Clerk Maxwell alionesha kwa hisabati kwamba duara gumu lisingedumu. Pete ni vipande visivyohesabika, hasa vya barafu, kuanzia chembe za vumbi hadi mapande makubwa kama nyumba, kila kimoja kikiwa na mzunguko wake. Kipenyo cha pete kuu za Zohali ni takriban kilomita 280,000, ilhali unene wake mahali pengi ni mita 10 hivi.

Kwa nini zipo?

Upande wa mwezi ulioelekea sayari huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko upande wa pili. Mwezi ukikaribia mno, tofauti hiyo hushinda mvutano unaoushikilia, nao humeguka. Édouard Roche alikokotoa mpaka huo mwaka 1848: kwa mwezi wa majimaji wenye msongamano sawa na wa sayari, ni takriban mara 2.44 ya nusukipenyo cha sayari. Ndani ya mpaka huo vipande hushindwa kuungana tena kuwa mwezi. Hugongana hadi vikatandaa juu ya ikweta ya sayari.

Hiyo si njia pekee. Pete hafifu za Mshtarii ni vumbi linalorushwa vimondo vinapogonga miezi yake midogo. Sayari kubwa zote nne zina pete, kwani zina miezi mingi na mvutano mkubwa. Mirihi huenda ikapata pete yake: mwezi wake Phobos unaisogelea polepole. Mwezi wetu, kinyume chake, unazidi kutuacha.

Athari kwa istilahi

Mwanafunzi wa Ryansoro, mkoani Gitega, huja darasani na maneno mawili ya Kirundi: impeta, ya kidoleni, na ingata, ambayo Kiswahili huiita ngata, ya kubebea mzigo kichwani. Ngata huukaribia ukweli zaidi, kwa kuwa hufanywa kwa majani mengi. Hata hivyo, majani hayo hushikana. Vipande vya pete havishikwi na chochote isipokuwa mvutano wa sayari.

Hitimisho

Makala haipendekezi kuliacha neno "pete". Inapendekeza kwamba kamusi na vitabu vya kiada vilifasili kuwa "mkusanyiko bapa wa vipande vingi vinavyoizunguka sayari". Anayefikiria duara gumu hawezi kueleza mwezi uliomeguka. Anayefikiria vipande ameshafika nusu ya jibu.