Ngozi ya Mdomo na Mtoto Anayejifunza Kusema

Wazazi wenye mtoto aliyezaliwa na hali ya Down hutuuliza hospitalini: atasema lini? Ni swali la haki. Ila kabla ya kulijibu, sisi wauguzi huomba kwanza tumtazame midomo, pembe za mdomo na kidevu.

Hali hii si laana, wala si adhabu ya dhambi ya mzazi. Mwaka 1959 daktari Mkatoliki wa Ufaransa, Jérôme Lejeune, na wenzake walitangaza kwamba watoto hawa wana kromosomu 47 badala ya 46. Misuli yao huwa milegevu, ndiyo maana mara nyingi mdomo hubaki wazi na udenda hutiririka. Ngozi yao nayo ni kavu zaidi. Ongeza baridi na upepo wa huku Malindi, Juni hadi Agosti, na midomo hupasuka. Katika pembe zenye unyevu fangasi na bakteria huingia, na vidonda havikauki.

Sasa fikirini maneno ya kwanza ya mtoto: mama, baba, bibi. Yote yanataka midomo ifungwe, kisha ifunguliwe. Kwa mtoto mwenye mipasuko, kila "mama" ni maumivu. Hunyamaza, hugeuza uso, husukuma mkono wa anayemfundisha. Nyumbani husemwa ni mkaidi, na wapo wanaochapwa kwa sababu hiyo. Anayechapwa hapo ni mgonjwa.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana nchini, hivyo mazoezi mengi hufanywa na mama, bibi au mwalimu. Anayemgusa mtoto usoni anawe mikono na akate kucha. Udenda usisuguliwe, ugusishwe kitambaa laini kikavu (kipande cha kanga kuukuu kinafaa sana), na kitambaa cha kifuani kibadilishwe kila kinapolowa. Kisha apakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato, hasa kabla ya kula na kabla ya kulala. Ndimu na chumvi visipakwe kwenye kidonda. Krimu za dukani zinazosifiwa kutibu kila kitu tunazikataza pia, kwa kuwa baadhi zina dawa kali zinazofanya ngozi kuwa nyembamba.

Vidonda vikiwapo, acheni kumkanda midomo hadi vipone, lakini msiache kuzungumza naye. Mwimbieni, mwonyesheni vitu na kuvitaja, mfundisheni ishara za mikono. Visipopona kwa wiki moja, mleteni zahanati au hospitali apate dawa ya fangasi au ya bakteria. Kwa ngozi iliyoshindikana tunaweza kumpa rufaa kwenda KCMC, Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilifunguliwa mwaka 1992.

Liko jambo jingine ambalo ngozi hulitangulia kusema. Mtoto akiwa na ngozi kavu mno isiyosikia mafuta, sauti ya kukwaruza, kufunga choo na uchovu, huenda tezi ya thairoidi shingoni haifanyi kazi vizuri. Watoto wenye hali ya Down hupatwa na tatizo hili zaidi ya wengine, na lisipotibiwa hudumaza akili na usemi pia. Chumvi yenye madini joto ni nzuri kwa familia nzima, lakini haitoshi kumtibu mtoto huyu. Kipimo chake ni cha damu, na inafaa kirudiwe kila mwaka hata kama haonyeshi dalili. Akionekana na upungufu, hupewa kidonge kila siku.