Kiebrania kwa Mwanafunzi Aliye Mtu Mzima: Mizizi Tuliyo Nayo Tayari

Huko Nyacheki, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kisii na Nyamira, Waadventista wengi huadhimisha Sabato, siku ya saba. Kiswahili nacho huiita siku hiyo hiyo Jumamosi, yaani ya kwanza. Si kosa la lugha. Kiswahili huhesabu siku kuanzia Ijumaa, siku ya swala kuu ya Waislamu. Kiebrania huhesabu siku kuielekea Sabato, ndiyo maana Jumapili ni yom rishon, ‘siku ya kwanza’. Makala haya yanashikilia kwamba ajifunzaye Kiebrania ukubwani hajifunzi msamiati tu, bali pia ibada iliyojificha ndani ya msamiati huo.

Kielelezo cha karibu ni Abayudaya wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Semei Kakungulu, aliyekuwa kiongozi wa kijeshi na mtawala, aliifuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919 baada ya kuisoma Biblia kwa Kiganda. Tafsiri ilimfikisha mbali. Hata hivyo, kalenda, sala na sheria za chakula zilihitaji mwalimu, na mnamo 1920 Myahudi mmoja mgeni aliyeitwa Yosef alikaa nao kwa miezi kadhaa akiwafundisha. Katika miaka ya 1970, utawala wa Idi Amin uliipiga marufuku dini hiyo, na waumini wakapungua.

Pengo hilo la elimu ndilo lililompeleka Gershom Sizomu ughaibuni. Alipokwenda Los Angeles mwaka 2003 kusoma katika Chuo cha Ziegler, alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 30 na ana familia. Alisoma pia Israeli, akatawazwa kuwa rabi mwaka 2008, kisha akarejea Nabugoye kuwafundisha wenzake.

Je, mwanafunzi wa aina hii huanzia wapi? Kiebrania kina herufi 22, huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa kawaida irabu haziandikwi. Haya humtatiza mgeni, ila si aliyezoea kusoma miswada ya tenzi zetu kwa hati za Kiarabu. Isitoshe, kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, maneno tuliyoyakopa kutoka Kiarabu yana ndugu zao huko. Sita, saba na tisa hukutana na shesh, sheva na tesha. Mia na elfu na me'ah na elef. Nafsi na nefesh. Roho na ruah. Mzizi wa konsonanti tatu uliotupatia kitabu, katibu na maktaba ndio uliozaa katav, ‘aliandika’, na mikhtav, ‘barua’.

Hata hivyo, undugu wa maneno usitupumbaze. Nefesh katika Torati aghalabu ni uhai wote wa kiumbe, wala si nafsi iliyotengwa na mwili. Anayetegemea mfanano pekee atasoma upesi na kuelewa vibaya.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, funzo ni bayana. Tafsiri hufungua mlango, kama ilivyomfungulia Kakungulu. Lakini anayetaka kufundisha wengine hana budi kuingia ndani, hata kama ameanza safari akiwa mzazi. Utu uzima una faida yake: mtu huja na swali analolijua, na lugha ya kwao ya kulipimia jibu.