"Sijambo" mbele ya nesi

Nesi wa Leicester akimwuliza mama yako hali yake, atajibiwa kwamba ni mzima. Kwetu hujambo hujibiwa sijambo, hata na mtu aliyejishika kiuno kwa maumivu. Ugonjwa hutajwa baadaye, watu wakishaulizana habari za nyumbani. Lakini miadi ya kupima presha ni mifupi. Nesi huandika "mzima" na kuendelea.

Wengi tumelelewa na dozi ya malaria: unameza, unapona, unaacha. Presha haiendi hivyo. Mgonjwa akiambiwa imeshuka, huona amepona, na vidonge hubaki kabatini. Ikipanda tena, nesi anaweza kudhani dawa haitoshi. Akiuliza "Unameza dawa?" atajibiwa ndiyo, kwa heshima tu. Swali la "Jana umemeza saa ngapi?" huzaa mazungumzo.

Na hapo kwenye saa pana mtego. Karatasi imeandikwa 8, yaani saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu. Bibi akiisoma saa nane, dawa ya asubuhi itamezwa mchana. Kidonge cha presha cha mara moja kwa siku pengine hakitamdhuru. Insulini inayokwenda na chakula ni jambo jingine kabisa, hiyo huweza kumwangusha mtu. Mwandikieni "baada ya chai ya asubuhi" juu ya boksi.

Wapo pia wanaoacha halua siku mbili kabla ya kupimwa sukari. Kipimo kiitwacho HbA1c huonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo nesi ataiona halua yote. Heri kumwambia mapema unakula nini hasa: wali, chapati, chai ya maziwa yenye sukari.

Mtoto wa miaka kumi na miwili asifanywe mkalimani. Baadhi ya dawa za presha zinaweza kupunguza nguvu za kiume, na wanaume huziacha kimyakimya kwa sababu hiyo. Baba gani atamtamkia bintiye maneno hayo amfikishie nesi? Uingereza, NHS hutoa mkalimani bila malipo. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kufanya vivyo hivyo. Ombeni mnapopanga miadi, na mseme ni Kiswahili cha wapi, maana cha Bukavu na cha Unguja havifanani sana mtu anapoeleza maumivu.

Anayetaka kufunga Ramadhani aende wiki kadhaa kabla, ili dozi na saa zake zipangwe upya. Wengine wataambiwa wasifunge.

Mwishoni nesi anaweza kusema, "Hebu nieleze utakavyomeza ukifika nyumbani." Wazee wengine hukasirika, wakiona wanapimwa akili. Mwelezeni bibi kwamba nesi anajipima mwenyewe kama ameeleza vizuri, na kwamba hapo ndipo pa kutaja kile kizunguzungu, na ile mwarobaini anayokunywa usiku.